Kesi ya kuku inafika mahakamani, ya mkeka inaishia kijiweni

UTANI wa Wapare unajulikana nchi nzima. Inasemwa Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Watani wao wanacheka na Wapare wenyewe wanacheka, lakini ukikaa Same wiki moja unagundua ndani ya utani huo kuna msimamo. Kuku ni kisingizio tu. Kinachopiganiwa ni kwamba haki ya mtu haiachwi ipotee eti kwa sababu ni ndogo.

Sasa angalia kituko. Mtu huyohuyo anayehesabu chenji mara mbili dukani, anayeweza kushuka kwenye gari na kubishana na kondakta kwa Sh200, akibeti Sh5,000 na malipo yake yakaja pungufu, anaguna tu. Anasema "kampuni wamenipiga", washikaji wanacheka, Jumamosi anaweka tena. Hakuna barua, hakuna kesi, na ng'ombe anabaki zizini.

Kwa nini? Wapare hawajabadilika. Ni kwamba kwenye kubeti shabiki hajui haki yake inaanzia wapi, kwa hiyo hajui hata adai nini. Na hapo ndipo soka la Tanzania lina deni kwa mashabiki wake.

Same ni mji wa barabara kuu. Mabasi ya Dar es Salaam na ya Moshi na Arusha yanapita hapo mchana na usiku. Wikiendi ya mechi kubwa vibanda umiza vinajaa, iwe Same mjini, Makanya au Hedaru. Huko juu milimani, Chome, Suji na Mamba, mtandao ukikamata watu wanafuata matokeo kwenye simu. Zamani ukichelewa kufika uliuliza "nani kafunga?" Siku hizi swali la kwanza ni "mkeka wako umebakiza mechi ngapi?"

Hilo lenyewe si kosa. Kubashiri ni biashara halali nchini. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ilipitishwa mwaka 2003, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatoa leseni, Serikali inachukua kodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kampuni yenye leseni inauza huduma. Anayelipia huduma ni mteja. Basi swali ni jepesi: mteja wa mkeka analindwa kama mteja wa kilo ya mchele?

DABI ILIYOAHIRISHWA, MKEKA ULIOBAKI

Machi 8, 2025 nchi nzima ilikuwa imejiandaa kwa dabi ya Kariakoo. Simba ikatangaza haitacheza, ikisema ilizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, jambo ambalo kanuni zinampa haki mgeni. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku hiyohiyo. Watu walikuwa wameshasafiri, tiketi zimeshanunuliwa. Dabi ikaja kuchezwa Juni 25, siku 109 baadaye, Yanga ikashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Mei 8, 2021 muda wa dabi ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaenda uwanjani kwa muda wa awali, wakaondoka zao, mechi haikuchezwa. Ilipigwa Julai 3 mwaka huo, Yanga wakashinda bao 1-0.

Wachambuzi walijadili mambo mengi siku zile: pointi, kanuni, faini, nani alikuwa sahihi. Kulikuwa na kundi moja ambalo halikujadiliwa sana, waliokuwa wameiweka dabi kwenye mkeka.

Chukua mfano. Jamaa kaweka Sh5,000 kwenye mechi nne. Dabi ina odi 2.00, nyingine zina 1.50, 1.60 na 1.50. Ukizidisha zote unapata 7.20, yaani akishinda anatarajia Sh36,000 kabla ya kodi. Mechi tatu zinatiki. Dabi haikuchezwa. Analipwa ngapi?

Utaratibu uliozoeleka kwenye biashara hii duniani ni kwamba mechi isipochezwa ndani ya muda uliowekwa inaondolewa, odi yake inahesabiwa 1.00. Hapo mkeka unabaki na odi 3.60 na malipo yanakuwa Sh18,000. Nusu ya alichokiona kwenye simu wakati anaweka.

Utaratibu huo una mantiki yake. Mechi haikuwepo, mtu hawezi kulipwa kwa bao ambalo halikufungwa. Tatizo liko kwingine. "Muda uliowekwa" huwekwa na kampuni. Moja inaweza kusubiri saa 24, nyingine 48, nyingine 72. Mtu aliyeweka mkeka uleule kwenye kampuni mbili anaweza kulipwa hela mbili tofauti kwa mechi ileile. Na maelezo yake yako kwenye vigezo na masharti, kurasa ndefu ambazo mtu anabonyeza "nakubali" bila kusoma, kama anavyofanya kwenye kila kitu cha simu.

Kampuni ikisema "ulikubali", kisheria inaweza kuwa sawa. Lakini mpira wa Tanzania una historia ya mechi kuahirishwa, muda kusogezwa na timu kugoma. Hili si tukio la ajabu kama radi ya kiangazi. Kwenye ligi ya namna hiyo, kanuni ya mechi isiyochezwa ilitakiwa iwe moja kwa kampuni zote, kwa Kiswahili, mistari mitatu, na itokee kwenye simu kabla mtu hajalipa.

LUMBESA YA KWENYE SIMU

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba na wa mpunga wa Ndungu hahitaji mtu wa kumfundisha maana ya lumbesa. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, mnunuzi analipa bei ya gunia moja huku anabeba gunia na nusu. Serikali ilipiga marufuku. Sheria ya Vipimo ipo, na Wakala wa Vipimo wanapita kukagua mizani na kuziwekea alama. Mkulima bado anaibiwa hapa na pale, ila akiibiwa anajua kaibiwa kilo ngapi, na anajua ni kosa.

Kwenye mkeka kilo hazionekani. Hebu zionekane.

Chukua soko la "zaidi au chini ya mabao 2.5", na tuseme nafasi ya pande zote mbili ni sawa, kama kurusha shilingi. Mizani ya haki ingekuwa odi 2.00 kila upande. Kampuni inaweka 1.85 na 1.85. Ukiweka Sh1,000 huku na Sh1,000 kule umetoa Sh2,000, na huwezi kukosa. Unarudishiwa Sh1,850. Sh150 imebaki kwa kampuni kabla mpira haujaanza. Hiyo ni asilimia 7.5, na ni bei ya huduma. Kila biashara ina faida yake, hakuna ugomvi hapo.

Ugomvi unakuja pale mtu anaposukumwa kuunganisha mechi. Weka mechi tano za namna hiyo. Nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 32. Kwa haki, Sh1,000 ingelipa Sh32,000. Kwa odi za 1.85 inalipa kama Sh21,670. Weka mechi kumi: nafasi ni moja kati ya 1,024, kwa haki ingelipa Sh1,024,000, yenyewe inalipa karibu Sh470,000. Kisha kodi ya ushindi inakatwa humo humo.

Umeona kilemba? Kwenye mechi moja kampuni inachota kidogo. Kwenye mechi kumi imechota zaidi ya nusu ya gunia, na shabiki anashangilia kwa sababu amesoma "Sh470,000" kwa herufi kubwa. Ndiyo maana ofa nyingi za bonasi zinakwenda kwa anayeunganisha mechi nyingi. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo mizani inavyozidi kuinama.

Mtu mzima akiyajua haya na bado akaamua kuweka Sh1,000 yake, ni starehe yake, kama soda na kahawa. Lakini ayajue. Muuza nyama hawezi kuficha mizani chini ya meza halafu akamwambia mteja "niamini".

Na hapo bado kuna kile kinachoitwa "kindege" na michezo mingine ya haraka iliyokaa kwenye programu ileile ya kubeti mpira. Kwenye mpira angalau mtu anasubiri dakika 90. Ana muda wa kupumua, kula, kubishana kuhusu penalti. Kwenye kindege mzunguko unaisha kwa sekunde, mtu anaweka, anapoteza, anaweka tena. Aliyeingia kwa ajili ya dabi anatoka akiwa amemaliza hesabu ya bosi wa bodaboda, na hakuna mpira wowote aliotazama.

WAZEE WALISHUKA MLIMANI

Kuna watu watasema kanuni ni mambo ya wanasheria wa Dar es Salaam, mtu wa Same anaingiaje. Wamesahau historia.

Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya wakati ule, wakakaa hapo. Walikuwa wanapinga kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali na kipato cha kila mtu. Hoja yao haikuwa kwamba hawataki kulipa kodi kabisa. Walichokataa ni makadirio. Nani kakadiria? Kwa kipimo gani? Kwa nini jirani mwenye shamba kama langu anatozwa tofauti? Waliandika malalamiko, wakatafuta mwanasheria, wakashikilia msimamo, na mwishowe serikali ya kikoloni ikaiacha kodi hiyo.

Wale wazee hawakuwa na simu janja. Walikuwa na kitu kimoja ambacho vijana wa leo wa kijiweni wamekiacha: walitaka kuona kipimo. Anayewaita wabishi hajaelewa. Ubishi wa namna ile ndio ulinzi wa mlaji kabla neno hilo halijafika kwenye vitabu vya sheria.

MAMBO MATANO YASIYOHITAJI MIUJIZA

Hakuna haja ya kufunga kampuni wala kuwatukana wanaobeti. Kuna mambo matano ambayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kampuni zenyewe na klabu zinaweza kuyasimamia, na shabiki akaona tofauti.

La kwanza limeshatajwa: kanuni moja ya mechi iliyoahirishwa, iliyovunjika au iliyosogezwa muda. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida na itokee pale pale kwenye kitufe cha kulipia. Bodi ya Ligi ikiahirisha mechi, shabiki ajue ndani ya dakika moja mkeka wake unakwenda wapi, kampuni yoyote ile.

La pili ni kikomo. Mtu ajiwekee mwenyewe: kwa wiki sitazidi Sh10,000. Akishaweka, mfumo umkatalie akizidi. Akitaka kupunguza, ipungue papo hapo. Akitaka kuongeza, asubiri siku nzima. Kwa nini asubiri? Kwa sababu uamuzi wa saa 4 usiku, baada ya mkeka kuchanika dakika ya 94, si uamuzi wa mtu yuleyule aliyeweka kikomo asubuhi akiwa ametulia.

La tatu ni kujifungia. Uingereza ina mfumo unaoitwa GAMSTOP. Mtu anajiandikisha mara moja, na kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya huko inalazimika kumzuia. Tangu Machi 2020 kujiunga na mfumo huo ni sharti la leseni kwa kampuni. Bila mfumo wa pamoja, mtu akifungiwa hapa anahamia pale, kama mchezaji aliyeachwa dirisha dogo.

Tanzania ina kitu ambacho nchi nyingi zingekitamani kwa kazi hiyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, laini ya simu imefungwa na namba ya NIDA, na akaunti ya kubeti inalipiwa kwa pesa za simu. Namba moja, kufuli moja, kampuni zote. Njia hiyohiyo inaweza kujua kama mwenye laini ana miaka 16. Bado kuna mtoto atakayetumia laini ya mama, hilo ni la wazazi na la kampuni kuwa macho, lakini mlango mkubwa utakuwa umefungwa. Na taarifa hizo zitumike kwa kazi hiyo tu. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya waliojifungia isije ikageuka orodha ya kuwatumia ujumbe wa bonasi.

La nne ni taarifa ya mwezi. Benki inatoa, kampuni ya simu inatoa, duka la pembejeo linaandika kwenye daftari. Mteja wa mkeka apate ujumbe mmoja tarehe 1: umeweka jumla kiasi hiki, umerudishiwa kiasi hiki, tofauti ni hii. Bila maneno matamu. Watu wengi wanaobeti wanakumbuka siku waliyopiga Sh80,000 kwa Sh1,000, na wanaweza kukusimulia hadi nani alifunga bao la mwisho. Hawakumbuki zile Sh2,000 za kila siku. Kumbukumbu ya mshindi ndiyo tangazo la bei rahisi kuliko yote, na dawa yake ni daftari.

La tano ni mahali pa kulalamikia. Kampuni ipewe siku maalumu za kujibu lalamiko kwa maandishi. Ikishindwa au mteja asiporidhika, suala liende Bodi, na namba ya Bodi iwe kwenye kila mkeka, kwa ukubwa uleule wa namba ya huduma kwa wateja wa kampuni. Mtu wa Chome asilazimike kupanda basi. Atume picha ya mkeka, apewe namba ya shauri, ajibiwe. Kila msimu Bodi itangaze malalamiko yaliyopokelewa na kampuni zilizoshindwa, kama vile Bodi ya Ligi inavyotangaza faini na kadi.

Kwenye hili kuna jambo la kusema kwa upole. Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha, na kazi ya wizara hiyo ni kuhakikisha mapato yanaingia. Hakuna ubaya. Lakini mwamuzi anayesubiri mgao wa mapato ya mlangoni lazima aonekane akipuliza filimbi kwa pande zote mbili. Njia ya kuonekana ni kutangaza kesi ambazo mteja ameshinda.

HELA YA KLABU INATOKA WAPI

Sasa zamu ya klabu. Mwaka 2017 SportPesa iliingia kwa kishindo, ikawadhamini Simba na Yanga, ikaileta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, na Wayne Rooney akafunga bao kwenye Uwanja wa Taifa. Mwaka 2022 Simba ikasaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano uliotangazwa kuwa na thamani ya zaidi ya Sh26 bilioni. Hela hizo zimelipa mishahara na usajili, na zimechangia kuzifikisha timu zetu mbali Afrika. Asiyekiri hilo hasemi ukweli.

Lakini zilikotoka panajulikana. Kampuni ya kubeti haina shamba wala mgodi. Mapato yake ni mikeka iliyochanika. Shabiki wa Same ananunua jezi, analipia kibanda umiza, halafu mkeka wake ukichanika sehemu ya hela inazunguka inarudi kuwa udhamini kwenye kifua cha mchezaji wake. Ameilipia timu mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemshukuru.

Kwa hiyo klabu haiwezi kusema ulinzi wa mteja ni kazi ya Serikali peke yake. Simba na Yanga zina nguvu ya kuweka sharti kwenye mkataba: tutavaa nembo yako, ila uwe na kikomo, uwe na kufuli, ujibu malalamiko. Na jezi za watoto zitoke bila nembo ya kubeti. England wamefanya hivyo kwa jezi za watoto miaka mingi, na Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuondoa nembo za kubeti kifuani kwa watu wazima pia, mwisho wa msimu wa 2025/26. Mtoto wa darasa la nne pale Kisiwani anavaa jezi kwa sababu anampenda mfungaji. Hakuna sababu ya kumfanya bango.

Wenye hofu watatoa mfano wa Kenya, na wana hoja. Mwaka 2019 Serikali ya huko iligoma kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, SportPesa ikasimamisha shughuli na udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikihangaika na mishahara. Hilo ni funzo la kweli. Linafundisha kwamba ukikaa miaka bila kanuni nzuri, siku ukishtuka unatumia panga, na panga halichagui. Uganda nayo mwaka huohuo ilitangaza kutotoa leseni mpya. Kenya imekuja kupata sheria mpya ya kamari Agosti 2025, baada ya misukosuko yote hiyo. Kanuni zikitangulia, panga linabaki ukutani na udhamini unabaki kifuani.

"MTU MZIMA ANAJUA ANACHOFANYA"

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo inayosikika zaidi kijiweni: mtu mzima anajua anachofanya, hela ni yake, muacheni.

Ivan Toney alikuwa mtu mzima. Alikuwa mshambuliaji wa Ligi Kuu England, mshahara mnono, klabu yake Brentford ikivaa nembo ya kampuni ya kubeti kifuani. Mei 2023 FA ilimfungia miezi minane kwa makosa 232 ya kubeti. Adhabu ilipunguzwa kwa sababu daktari bingwa alithibitisha kwamba ana uraibu wa kamari. Miezi michache baadaye Sandro Tonali wa Newcastle akafungiwa miezi 10 kwa kubeti alipokuwa Italia. Kama hela na umaarufu havikuwakinga hao, itakuwaje kwa kijana wa bodaboda ambaye pikipiki si yake na jioni lazima apeleke hesabu?

Huyo wa bodaboda akimaliza hesabu ya bosi hafungiwi na FA. Anakopa. Akishindwa, anaomba hela ya mbolea nyumbani, anadanganya imeibiwa. Msimu wa tangawizi ukifika mama anauliza mbona shamba halikupigwa mbolea, na hakuna anayejibu. Wazazi wanaona mtoto kawa mvivu. Yeye anaona aibu kusema kwamba ameliwa. Ni aibu hiyo ndiyo inayofanya kesi ya mkeka isifike popote, hata pale ambapo kampuni imekosea kweli na alistahili kulipwa.

Kumwambia mtu kama huyo "acha kubeti" ni rahisi. Kumpa kufuli ambalo hawezi kulifungua saa 6 usiku ni msaada. Anayebeti kwa starehe hatapungukiwa na chochote kwa kanuni hizi tano. Atalipwa kwa wakati, atajua mechi ikiahirishwa inakuwaje, ataona hesabu yake. Atakayepungukiwa ni yule tu ambaye faida yake inategemea mteja asielewe.

Ratiba ya ligi ina dabi mbili kila msimu, na hakuna anayeweza kuapa kwamba hakutakuwa na nyingine ya kuahirishwa. Kanuni ya mistari mitatu inaweza kuandikwa kabla ya hapo. Wakati inasubiriwa, mwenye mkeka aanze na kilicho mikononi mwake: apige picha ya mkeka kabla ya mechi, atunze ujumbe wa malipo, akipunjwa aandike lalamiko kwa kampuni na nakala kwa Bodi, hata kama ni Sh500. Wapare wameshaonyesha kwamba kesi ya kuku inashindika. Kinachotakiwa ni mtu wa kuifungua.